Benadetha na Rangi za Mzee Abdulrazak

Kila asubuhi, kabla hajavua kofia yake pana ya ukindu, Benadetha aliigeuza kompyuta ya ofisi kuwa nyeusi. Ilikuwa kazi ya vidole vitatu tu. Akibonyeza vitufe vyake kwa pamoja, weupe wote wa kile kioo ulimezwa, na herufi zikajitokeza za njano, nene, zimetulia mahali pamoja. Hapo ndipo alipovua kofia, akavuta kiti, akamwambia mteja wa kwanza ataje jina lake na mzigo wake.

Hakuwa akifanya hivyo kwa mapambo. Benadetha alizaliwa na ualbino, na mbali na ngozi ambayo kila mtu aliiona, alikuwa na macho ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaulizia. Yalichezacheza bila ruhusa yake, mbali hayakufika, na mwanga mkali yaliuchukia. Kioo cheupe kwake kilikuwa pilipili. Lakini ukimgeuzia rangi, giza likakaa nyuma na mwanga ukabaki kwenye herufi peke yake, alisoma kama mtu yeyote na kuandika upesi kuliko wengi.

Ofisi ilikuwa Kilwa Masoko, mali ya Mzee Abdulrazak, aliyekuwa na boti za kupeleka watu na mizigo Songo Songo. Hiyo ni miaka ile mitambo ya gesi ilipokuwa inajengwa kisiwani, mabasi ya Dar bado yanavushwa Rufiji kwa pantoni, na kila mwenye vijisenti ameamka siku moja akajikuta mwekezaji. Saruji, mabomba, magodoro, mafundi wenye kofia za plastiki, wote walipita mbele ya meza ya Benadetha ndipo wapande boti.

Mzee Abdulrazak hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi. Mtu mbaya unamtukana moyoni, unalala. Huyu alikuwa na salamu nzuri, alifuturisha watu mwezi wa Ramadhani, na mshahara wake haukuchelewa. Ila hakuna mgeni aliyeingia ofisini mle akatoka bila kuoneshwa Benadetha. "Huyu nimemchukua kwa ajili ya Mungu," alisema, mkono kifuani. "Nani mwingine angempa kazi?" Mgeni naye alitikisa kichwa kwa huruma, akamwombea mzee baraka. Benadetha aliyasikia yote hayo, maana macho ndiyo yaliyokuwa mabovu, si masikio. Alikuwa na vyeti vyake, alikuwa na kasi yake, na hajawahi kuchelewesha boti. Kwa ajili ya Mungu! Basi Mungu huyo alipata mpiga chapa mzuri kwa bei nafuu.

Alitoka mbali mpaka kufika kwenye meza ile. Kwao ni Newala, juu uwandani, na shuleni walimu walimkalisha nyuma kwa kuwa alikuwa mrefu. Ubao kwake ulikuwa ukuta tu. Masomo yote aliyasomea masikioni, akishika kila neno mwalimu alilotamka, na bado wakamwandikia kwenye ripoti kwamba ni mvivu wa kunakili. Baadaye akakaa kwa shangazi yake Mitwero, akajifunza taipu Lindi mjini, na taipu ikamkubali, maana haihitaji macho, inahitaji vidole. Akaajiriwa kwenye shirika moja la umma. Upepo wa kubinafsisha ulipovuma, shirika likauzwa, watu wakapunguzwa, na wa kwanza kuitwa alikuwa yeye. "Wewe misheni watakusaidia," aliambiwa na bwana utumishi, kama vile misheni ni jalala la kutupia watu.

Misheni walimsaidia kweli, ila si kwa chakula. Sista Katarina, aliyekuwa akifundisha kompyuta kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, alimwona ameinamia kioo mpaka pua inagusa, machozi yanamtoka. Akamwambia asogee, akagusa hapa na pale, kioo kikawa cheusi na maandishi ya njano. Benadetha akanyoosha mgongo. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusoma ukurasa mzima akiwa amekaa wima. Baada ya furaha, ilimjia hasira ambayo haikumtoka tena: kumbe kitu chenyewe kipo, kimo humo ndani ya mashine, kinangoja tu mtu akiwashe. Na wakati wote ule walimwita mvivu.

Masoko watu walikicheka kile kioo. "Kompyuta imevaa kaniki!" walisema wapakizi, na utani ukaenda mpaka sokoni. Utani wenyewe ulikuwa na mkia. Kaniki ni nguo nyeusi ya shamba, lakini pia ni nguo anayovikwa mgonjwa anapopelekwa kwa mganga kutolewa shetani, na mtu akishataja kaniki na zeruzeru kwa pumzi moja, wengine huanza kuona mambo. Warda, karani mwenzake, msichana wa Kilwa hasa, alimletea habari hizo akicheka. "Dada Bena, eti wanasema mzee ana mganga ofisini, ndiyo maana boti zake hazizami."

"Waambie wapande bila hofu basi," Benadetha alijibu, naye akacheka.

Mzee Abdulrazak hakucheka. Maneno hayo yalimfika na yalimkera, yeye anayeswali swala tano. Na yalimkuta amenunua boti mpya, kubwa, aliyoipaka rangi ya krimu na maandishi ya dhahabu. Aliipenda rangi ile kuliko boti yenyewe. Akapaka ofisi krimu na dhahabu. Akashonesha sare krimu na dhahabu. Kisha akaamua kompyuta nazo zipate programu yake mwenyewe, ya kuandikisha abiria na mizigo, na akampata kijana mmoja Dar es Salaam, jina lake Brighton, wa kuitengeneza. Na ili Brighton asikosee, alimpelekea kwa basi kipande cha ubao kilichopakwa rangi ya boti. Ubao! Watu wa pantoni walidhani ni sampuli ya mbao.

Programu ilifika, ikawekwa, ikafunguliwa. Krimu kila mahali, na juu yake maandishi ya dhahabu. Mzee Abdulrazak alipiga makofi. "Mashaallah. Ni boti yangu kabisa."

Benadetha aliona uji. Alitafuta mstari mmoja wa maandishi, hakuupata. Akabonyeza vitufe vyake vitatu. Kila kitu kingine kwenye kompyuta kikageuka kuwa cheusi, saa, majina ya mafaili, vyote, lakini programu mpya ilibaki vilevile katikati, krimu tupu, haikusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Akabonyeza tena, na tena. Jasho lilimtoka.

"Mzee, hii siioni," alisema.

"Utazoea, mwanangu. Sogea karibu."

Akasogea karibu. Siku zilizofuata alifanya kazi pua imegusa kioo, macho yanachuruzika mpaka sare inalowa. Godoro la mwalimu mmoja likaandikiwa fundi bomba, mafuta ya taa yakaandikwa kwa jina la marehemu aliyekuwa akipelekwa kuzikwa kisiwani. Wateja wakaanza kuguna. Asubuhi moja, watu wamejaa, boti inanguruma, alimaliza kuandikisha abiria wote, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kumbe cha kuhifadhi na cha kufuta vimekaa bega kwa bega, vyote krimu, vyote na maandishi ya dhahabu. Akafuta boti nzima. Boti ikangoja, maji yakaanza kupwa, nahodha akapiga kelele, na mafundi wakatukana kwa lugha zao zote.

Mzee Abdulrazak hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alimwita kando, akaongea kwa sauti ya mtu anayemliwaza mfiwa. "Usilie, mwanangu. Kompyuta aishike Warda. Wewe nimekuwekea kiti pale barazani, upunge upepo. Wageni wakija, wakaribishe. Mshahara wako uko palepale. Mimi si mtu wa kumtupa kiumbe wa Mungu."

Hakuwa analia. Ni macho tu.

Akakaa barazani. Kiti kizuri, chenye mto. Kazi yake ikawa kusema karibu, na watu hawakuhitaji kuambiwa karibu, mlango walikuwa wanauona. Kupitia dirishani alimsikia Warda akibonyeza kidole kimoja kimoja, mpaka vidole vyake mwenyewe vikamwasha. Unga haukuwa umemwagika, mshahara ungeingia. Kilichokwenda ni ile meza, na bila meza ile alikuwa nani? Alikuwa yule ambaye mzee alimsimulia kwa wageni: kiumbe wa Mungu, anayelishwa.

Siku mzee alipokwenda kisiwani, Benadetha aliingia ndani akapiga simu Dar. Warda alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Brighton? Mimi Benadetha wa Masoko, ofisi ya Mzee Abdulrazak. Hii programu yako kwa nini haisikii rangi za mashine?"

"Ah, dada, poa? Rangi gani tena?"

Akamweleza.

"Dada, nikwambie ukweli? Programu ukiitengeneza bila kugusa rangi, inafuata mashine yenyewe. Ukiweka nyeusi, nayo inakuwa nyeusi. Wala si kazi ya ziada."

"Sasa mbona hii haifuati?"

"Si mzee! Alitaka rangi ya boti. Ilibidi niipake kwa mkono, dirisha moja moja, kitufe kimoja kimoja. Karibu wiki nzima, dada, na kile kibao chake nimekiegesha mbele yangu."

Benadetha alikaa chini. Siku zote alidhani wamemsahau. Kusahauliwa alikuzoea, tangu ubao wa Newala. Kumbe hapa hapakuwa na kusahau. Mlango ulikuwa wazi wenyewe, bila gharama, na mtu mzima alikaa karibu wiki nzima akiupigia misumari. Hata kama hakujua nani yuko upande wa pili, misumari ni misumari.

"Na kuzitoa hizo rangi?" aliuliza.

"Kuzitoa? Kazi ya asubuhi moja. Na naweza kuacha krimu yake palepale kwa wasiohitaji, wewe ukigeuza mashine iwe nyeusi, programu ikufuate. Lakini mzee lazima aseme, dada. Mwenye kazi ni yeye."

Mzee aliporudi, Benadetha alimfuata mezani kwake kabla hajanywa maji. Akamwambia yote: kwamba ni asubuhi moja tu, kwamba krimu itabaki, kwamba nyeusi itatokea kwake peke yake.

"Kaniki tena?" Mzee Abdulrazak alitabasamu, akatikisa kichwa. "Rangi ile ni jina langu, mwanangu. Mtu akiingia humu aone boti yangu, asione msiba. Na wewe unahangaikia nini? Nimekunyima nini? Kuna wazima wenye macho yao wanaolala njaa hapa mjini."

"Nataka kazi yangu, mzee."

"Kazi unayo. Kaa barazani upumzike."

Hasira ina aina zake. Ipo ya kupiga kelele, ikiisha mtu anakunywa maji. Ya Benadetha iligeuka ngumu ikakaa kifuani kama tonge lililokwama. Alirudi kwenye kiti chenye mto, akakaa.

Ndipo ikaja Ijumaa.

Masoko, kama miji yote ya pwani, Ijumaa ni siku ya sadaka. Wasiojiweza hukaa kwenye baraza za maduka, na mwenye chochote hupitisha mkono. Hakuna anayeuliza maswali. Ukimwona kipofu, kiwete au mkongwe amekaa barazani Ijumaa, unajua amekaa kwa ajili gani. Benadetha, mtu wa Newala na wa kanisani, alijua desturi hiyo kama anavyoijua kila mtu. Hakufikiri kama inamhusu.

Bibi mmoja alikuja polepole kutoka sokoni, kikapu mkononi. Benadetha akasimama nusu. "Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa, usijichoshe." Bibi alifungua pindo la khanga, akatoa sarafu, akaiweka mapajani kwake kwa upole, akamfumbatisha vidole. "Ijumaa leo. Pokea, Mungu akujalie."

Akaenda zake. Benadetha alibaki na sarafu mkononi, bado ina joto la pindo. Alitaka kumwita amrudishie. Na angemwambia nini? Bibi wa watu hakukosea. Alimwona albino amekaa barazani Ijumaa, hana kazi mkononi, akafanya alichofunzwa tangu utoto. Aliyemkalisha pale ndiye aliyekosea.

Kabla hajajua la kufanya, watu wakatoka msikitini. Wanaume wenye kanzu safi wakapita mbele ya ofisi, na mmoja baada ya mwingine mkono ukashuka. Baadhi yao aliwaandikishia mizigo yao wiki nenda wiki rudi, na mmoja aliwahi kumletea korosho za shukrani kwa kumhudumia upesi upesi. Leo hakumtambua. Sarafu, noti iliyokunjwa, sarafu. "Pokea, mama." Mmoja alirusha kutoka mbali kidogo, ikadunda kwenye mto, ikaanguka sakafuni.

Hapo ndipo damu ilipomchemka.

Alizikusanya zote kwenye sketi ya sare ile ya krimu, akainuka, akaingia ndani. Mzee Abdulrazak alikuwa amekaa na wageni wawili, wakandarasi wa huko kwenye gesi, na Abdala, nahodha wake, amesimama mlangoni. Benadetha hakubisha hodi. Alifika mpaka mezani, akazimwaga zote juu ya makaratasi, zikabingirika mpaka kwenye vikombe vya kahawa.

"Mapato ya leo ya baraza yako, mzee," alisema.

"Nini hii?"

"Sadaka. Umenikalisha mlangoni pako Ijumaa, watu wamekusaidia kunilisha. Ulisema nikaribishe wageni. Nimewakaribisha."

"Mwanangu, taratibu, wageni hawa..."

"Wageni wasikie. Umewaambia hawa kwamba umenichukua kwa ajili ya Mungu?" Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Waambie na hili. Nilikuwa naona. Nilikuwa nafanya kazi yako na sijawahi kukuchelewesha. Ukalipa mtu aje anizibe macho, ukalipa, mzee, ili kompyuta ifanane na boti. Halafu ukanipa mto wa kukalia."

Abdala nahodha alikuwa anatazama sakafu. Mmoja wa wale wageni, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, aliuliza kwa sauti ndogo pesa zile ni za nini. Mzee Abdulrazak aliziangalia zile sarafu. Alikuwa mtu wa dini, na alijua vizuri sadaka ni nini na ni ya nani. Uso wake ulimshuka.

Benadetha akanyanyua mkono wa simu, akazungusha namba, akangoja. "Brighton? Subiri hapohapo." Akamnyooshea mzee. "Mwambie mwenyewe."

Mzee aliishika simu kama kitu cha moto. Alimtazama Benadetha, akawatazama wageni. "Kijana," alisema mwishowe, "zile rangi... fanya anavyosema huyu dada." Akarudisha simu mahali pake. Kisha akamwita Warda azichukue zile pesa zipelekwe msikitini, yeye mwenyewe hakuzigusa.

Disketi ilifika kwa basi baada ya siku chache, imefungwa ndani ya bahasha, ina vumbi la njia nzima. Warda alihama kiti bila kuambiwa. Benadetha aliiingiza, akangoja mashine ikwaruze ikwaruze, kisha akabonyeza vitufe vyake. Programu ya krimu ikazama. Majina yakatokea ya njano juu ya weusi, makubwa, moja chini ya jingine. Kitufe cha kufuta kikaonekana, cha kuhifadhi kikaonekana, kila kimoja na mpaka wake mweupe.

Mzee Abdulrazak alikuwa amesimama nyuma yake tangu mwanzo, mikono nyuma, tasbihi inapita vidoleni. Alikitazama kile kioo cheusi kwa muda. "Haya, mwanangu," alisema kwa upole. "Umefurahi sasa?"

Hakuondoka. Alisimama pale akingoja, na Benadetha alijua vizuri anangoja nini, maana alikuwa ameitoa asante hiyo maisha yake yote: kwa walimu waliomkalisha nyuma, kwa bwana utumishi, kwa kila aliyemrudishia nusu ya kilichokuwa chake. Wateja kwenye foleni nao walikuwa wakitazama. Hata Warda alimkonyeza, sema tu, dada, yaishe.

Benadetha alivuta kiti karibu na meza.

"Anayefuata," aliita. "Jina lako nani, na mzigo wako ni upi?"